Udata kwa mtoto mchanga: tazameni anavyonyonya kabla ya kushika mkasi

Mhariri,

Mama akilalamika kuwa chuchu zimechubuka na mtoto hashibi, jibu la haraka mitaani ni "ana udata, akakatwe." Wengine huuchanganya na kimeo. Kimeo kiko kooni, na kukikata hakumsaidii mtoto kunyonya. Wembe wa mganga huleta damu isiyokatika, usaha, hata pepopunda. Tafadhali, kimeo kiachwe.

Udata uko chini ya ulimi. Kila mtu ana utando pale; taabu huja unapokuwa mfupi au mnene hata ulimi usiweze kutoka mbele na kuufunika ufizi wa chini. Hapo ufizi ndio unaotafuna titi. Chuchu hutoka kinywani ikiwa bapa, mtoto hutoa mlio kila mshiko unapomponyoka, na kwa kuwa titi haliishi maziwa, huvimba, kisha maziwa hupungua.

Lakini dalili hizo hizo huletwa na mtoto aliyepakatwa vibaya. Kwa hiyo mkunga akae na mama, atazame mtoto akinyonya tangu mwanzo hadi aachie mwenyewe. Tumbo la mtoto liguse la mama, pua ielekee chuchu. Mama asubiri kinywa kipanuke kama cha mwenye kupiga miayo, ndipo amsogeze mtoto kwenye titi; asiinamie kumfuata. Kidevu kizame kwenye titi, mdomo wa chini ubinuke nje. Mara nyingi maumivu huishia hapo.

Uzito nao usemwe. Mtoto hupungua siku za mwanzo, ila akipoteza zaidi ya asilimia 10 aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Kwa kawaida huwa amerudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2. Kuanzia siku ya 5 alowanishe nepi 6 au zaidi kwa siku. Akiwa hajaweza kunyonya vizuri, mama akamue kwa mkono na kumnywesha kwa kikombe.

Ikiwa mtoto amepakatwa sawasawa na mama bado anaumia, kinywa kikaguliwe kwa kidole safi: je, mtoto akilia ulimi unanyanyuka, au ncha inavutwa ikawa kama kopa? Ukiwa umefungwa kweli, kusitasita kunamwumiza mama bure. Kabla ya kukata, ulizeni kama kuna ugonjwa wa kutokwa damu katika ukoo na kama mtoto alichomwa vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Mtoto hufungwa kwenye shuka, ulimi huinuliwa, utando mwembamba hukatwa kwa mkasi safi wenye ncha butu, shashi hukandamizwa hadi damu ikatike, kisha ananyonyeshwa papo hapo. Ukatwaji ukienda kina au pembeni, mishipa ya damu na mifereji ya mate hujeruhiwa. Ndiyo sababu kazi hii si ya nyumbani. Doa jeupe litakalobaki pale si usaha. Dawa za kutia ganzi fizi asipakwe. Zenye benzokeini huweza kuizuia damu isibebe hewa ya oksijeni.

Wazazi waambiwe ukweli pia. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yenye majaribio 5 na watoto 302, yalikuta maumivu ya chuchu yanapungua kwa muda mfupi, lakini hayakuona kwa uhakika kuwa mtoto ananyonya vizuri zaidi. Basi aliyekatwa naye arudishwe kliniki baada ya siku chache, apimwe uzito, na mama atazamwe tena akinyonyesha.

Wakunga wawili,
Tanga