Mkulima na kisu chake

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilifika juzi, pamoja na zile karatasi za zoezi zilizojaa kalamu nyekundu. Mama yako alishtuka. Nikamwambia ni Kilatini tu.

Nimelikalia zoezi hilo jana usiku, na tangu nitoke seminari sijakigusa Kilatini. Lakini puella, puellae, puellam, yaani “msichana” na mikia yake, vilikuja vyenyewe, kwa kuwa tulikuwa tukiviimba huku tukifua. Wewe nakujua, unasoma kwa macho tu. Viseme kwa sauti, kisha uviandike kitabu kikiwa kimefungwa.

Ila kosa lako kubwa halitokani na kukariri. “Mama anamwandikia mwanawe barua” umeandika Mater filium epistulam scribit. Umelifuata neno kwa neno, ile “-ia” ya “anamwandikia” ukaiacha njiani. Kwetu kitenzi ndicho kinachosema kwamba barua inamwendea mtu. Warumi mzigo huo waliubebesha mkia wa nomino: Mater filio epistulam scribit. Kwa hiyo kila ukikutana na kauli ya kutendea, weka kalamu chini kwanza, mtafute anayetendewa, umpe dativo, ule mkia wa anayeendewa na kitu, kama -o ya filio. Hapo ndipo uendelee.

Sentensi ya sita imenichekesha mpaka mama yako akaamka. Agricola cum cultro panem secat! Yaani mkulima na kisu wameandamana kama marafiki kwenda kukata mkate. Cum ni ya kuandamana: cum amico, pamoja na rafiki. Kifaa hakitaki kihusishi, ablativo yenyewe, yaani mkia wa nomino unaobeba ile “kwa”, inatosha: cultro panem secat. Na Kiswahili kilikuwa kimekuonya, maana uliambiwa “kwa kisu”, si “pamoja na kisu”.

Agricola bona, ule “mkulima mwema” wako, nakusamehe, nami nililikosea muhula mzima. Ni agricola bonus. Mkia wake ni wa kike kama wa puella, lakini mwenyewe ni mwanamume, na kivumishi humfuata yeye. Mfikirie kiboko wa mtoni: umbo lake ni la KI-VI, ila tunasema kiboko mkubwa amelala. Ukisema kiboko kikubwa, watu watadhani unazungumzia cha kuchapia.

Ziandike upya hizo tatu, nitaziangalia siku ya kutembelewa. Sabuni na karanga nitakuja navyo.

Mama yako anakusalimu. Hiyo nayo niwekee kwa Kilatini.

Baba yako