Arudi kundini kutoka wapi?

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 54, Mlutheri, naishi Tanga mjini. Ni mzee wa kanisa, na Jumatano ijayo wazee wenzangu watakaa kumjadili mtoto niliyemlea mwenyewe.

Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua akiwa na miaka 6, sasa ana 24, na ndiye anayetupigia kinanda ibada ya kwanza. Mwezi uliopita kijana mwenzake wa kwaya alishika simu yake, akasoma meseji alizokuwa akiandikiana na mwanamume. Kabla Jumapili haijaisha habari ilikuwa kwa mwinjilisti.

Nilimuuliza jioni ile nikiwa uani napaa samaki. Nilitaka akatae. Hakukataa. Alisema, "Mama, niko hivi tangu niko darasa la kipaimara. Nimefunga, nimeomba, hata msichana nilishamtafuta. Haikuondoka." Kisha akanitoa kisu mkononi akaendelea na samaki mwenyewe, maana mimi mikono ilikuwa imegoma.

Wazee wanataka atengwe na Meza ya Bwana, na baada ya mafundisho asimame mbele ya washarika arudi kundini. Utaratibu huu naujua. Nimewasindikiza mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa, wakasimama pale mbele wakitazama sakafu (wavulana waliowapa mimba wamekaa benchi la nyuma wanaimba, lakini hiyo barua nyingine). Binti anarudi kutoka kwenye jambo alilolifanya likaisha. Huyu wangu arudi kutoka wapi? Akisema mbele ya madhabahu kwamba ameacha kuwa alivyo, atakuwa amedanganya, na mwalimu wa uongo huo nitakuwa mimi.

Halafu kumsimamisha mbele ni kumtangaza. Sheria ya nchi yetu kwa tendo hilo ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika cha maisha. Ibada ikiisha washarika wanatawanyika, kila mmoja na mdomo wake. Nilipomgusia mchungaji hilo, alinyamaza.

Sitaki nionekane nimeasi kanisa langu. Najua mwaka 2009 Kanisa la Sweden lilikubali kufungisha ndoa za jinsia moja, na Walutheri wa Marekani mwaka huohuo wakafungua mlango kwa wachungaji walio katika mahusiano hayo. KKKT, kanisa letu la Kilutheri hapa Tanzania, ikajibu mwaka 2010 kwa Tamko la Dodoma, kwamba ndoa ni ya mume na mke. Nilikubali wakati ule na leo nakubali. Ila mwanangu hajaomba kufungishwa ndoa na mtu yeyote.

Warumi 1, Paulo anapokemea tendo hili, nimeisoma mpaka ukurasa umelegea. Wapo wanaosema mbona Walawi 11 inakataza kisicho na mapezi na magamba, na sisi Tanga pweza tunamla hadharani. Hoja hiyo hainishibishi, maana Paulo hakuwa anaandika habari za pweza. Anayenikosesha usingizi ni towashi, mwanamume aliyehasiwa. Kumbukumbu la Torati 23 inamfungia nje ya mkutano wa Bwana. Isaya 56 anaahidiwa jina lililo jema kuliko la wana na binti, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Ukifika Matendo 8, Filipo anambatiza yule towashi Mkushi hapohapo njiani, kwenye maji waliyoyakuta, bila kuitisha kikao. Kama hilo linamhusu mwanangu au najipa moyo tu, sijui.

Anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote katika baraza letu ana nyumba ya pili Muheza, na kila mtu anajua siku anazopanda gari la kwenda huko. Hajawahi kujadiliwa. Sisemi dhambi yake inafuta ya mwingine, ila inaniuma. Na wanavyomwita! Shoga ni neno tunaloitana sisi wanawake wa Tanga tangu wasichana, shoga yangu njoo, shoga yangu nipishe. Siku hizi nikilisikia sokoni moyo unaruka.

Mwenyekiti ameniambia kwa upole nisihudhurie, "usije ukaumia, mama." Mtoto naye anasema atahamia Dar asiniaibishe. Dar anakojua watu wawili.

Naomba ushauri. Niende? Nikimtetea nitaambiwa natetea dhambi. Nikikaa kimya nitahesabiwa nimekubali. Au nimwombe mchungaji azungumze naye faragha, mtoto aache kinanda lakini aendelee kuja ibadani? Nilimpa mtoto wazo hilo juzi. Aliniuliza, "Na Meza ya Bwana, mama?" Nikajifanya naenda kuangalia jikoni.

Kikao ni saa 10 jioni.

Mama, Tanga