Shangazi, uliuliza ninakaa kimya na nani

Shangazi, shikamoo.

Natumaini goti limepoa na mvua za Tukuyu zinakuachia walau nafasi ya kufika shambani. Najua mjukuu wako ndiye atakayekusomea haya kwenye simu. Mwambie asome polepole, asiruke. Nimeyaandika hadharani kwa sababu na wewe uliniuliza hadharani, ndugu wote wakiwa wamekaa, na tangu siku hiyo binamu zangu wamekuwa wakinipigia mmoja baada ya mwingine na swali lile lile.

“Mwanangu, nasikia unaamka alfajiri unakaa kimya umefumba macho. Unakaa kimya na nani?”

Sikukujibu. Niliinama, na wengine wakajibu kwa niaba yangu: ameingia dini ya Kihindi, ana sanamu chumbani, ndiyo maana haji tena nyumbani. Nisamehe kwa kukuachia maneno ya watu. Jibu nilikuwa nalo, ila ndani yake kulikuwa na jambo linalokuhusu wewe, na ulimi ulikataa kulitoa pale.

Nianze na kinachoonekana. Saa 11 alfajiri najifunika blanketi, unaijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba, nakaa juu ya mkeka na mto mgumu, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Hakuna sanamu, hakuna ubani. Naangalia pumzi. Hewa ikiingia puani najua inaingia, ina ubaridi. Ikitoka najua inatoka, imepata joto. Basi. Baada ya pumzi tatu au nne akili imeshakwenda Mwanjelwa kununua mchele, imeshagombana na mwenye nyumba, imeshatunga mtihani wa kidato cha pili. Nikigundua kwamba imeondoka, nairudisha kwenye pumzi bila kuigombeza. Inaondoka tena, nairudisha tena. Nusu saa inapita hivyo, mpaka bajaji za kwanza zianze kupita.

Wengi wanaita kutafakari, nami nalitumia neno hilo kwa kukosa jingine, ingawa linapotosha. Ukimwambia mtu atafakari, atalishika jambo alifikirie kwa kina. Huku unafanya kinyume: unayaweka mawazo chini kama mtu anayetua ndoo kichwani. Wewe ungesema kutulia, na naona hilo ndilo neno lenyewe.

Sasa jambo lenye uzito. Usiku ule Baba alipozidiwa, nilikuwa nimesahihisha madaftari mpaka saa 5, nikazima mlio wa simu nipate usingizi. Nilipoamka saa 12 asubuhi nilikuta umenipigia mara saba, ya kwanza saa 8 usiku. Nilipokupigia, Baba alikuwa ameshaondoka. Msibani ulinishika mkono ukasema, “Nilikupigia mara saba.” Ulisema hivyo tu, kwa uchungu wa kufiwa na kaka yako. Mimi nikaisikia kama hukumu, nikaibeba ile saba miaka miwili.

Hukujua, kwa sababu sikumwambia mtu. Kila usiku macho yalifumbuka saa 8, mkono ukaitafuta simu. Darasani nilimfokea mtoto kwa kosa la nukta. Niliombewa, na mwenyewe niliomba. Sisemi maombi hayakunisaidia, yalinishika nisianguke. Lakini niliomba huku nakimbia. Nikipiga magoti maneno yalitoka mengi, na chini ya maneno hesabu ilikuwa ikiendelea: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Na nyumbani kwako nikaacha kuja. Watu wakadhani ni dini.

Mwalimu mwenzangu, Mhehe wa Iringa, mtu wa maneno machache, ndiye aliyenisimulia mfano wa mishale miwili. Ni wa Siddhartha Gautama, ambaye watu wanamwita Budha, yaani aliyeamka. Aliishi katika nchi za India na Nepal za leo, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Anasema mtu asiyefundishwa, akipatwa na maumivu, ni kama aliyechomwa mshale, kisha akachomwa na wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni kule kuhangaika nayo, kujipiga kifua, kuyarudiarudia. Aliyefundishwa anachomwa na ule wa kwanza tu.

Nililala na maneno hayo. Baba kufa ulikuwa mshale wa kwanza, na hakuna mwana ambaye hautampata. “Ningeacha mlio” ulikuwa wa pili, na huo nilikuwa nikiudidimiza kwa mkono wangu mwenyewe kila saa 8 ya usiku.

Kukaa kimya hakukuuchomoa kwa siku moja. Wiki tatu za kwanza niliumia zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimevikimbia vitu vingi na vyote vilijua mahali pa kunikuta. Kwa hiyo nawachukia kweli wanaouza meditesheni mtandaoni kama dawa ya kuvuta pesa na mchumba. Mwenye jeraha bichi akijifungia peke yake na kufumba macho anaweza kukutana na asichoweza kukibeba. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, na daktari pia.

Alfajiri moja ya mwezi wa saba ile hesabu ikaja kama kawaida. Safari hii, badala ya kuifuata hadithi, nikauliza iko wapi mwilini. Ilikuwa kifuani, kushoto, kama ngumi iliyokunjwa. Nikaiangalia ngumi. Ikakaza, ikasogea kidogo kuelekea kooni, ikalegea. Labda pumzi ishirini hivi. Kisha adhana ikaanza kusikika kutoka mbali, na ngumi haikuwepo. Wabudha wana neno la Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, anicca, kwamba hakuna kinachodumu. Nimehubiriwa tangu utoto kwamba kila kitu kinapita, Shangazi. Alfajiri ile nilikiona kikipita. Nikalia sana. Nilimlilia Baba, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Unaogopa nitatolewa kanisani. Yupo aliyeogopa hivyo kabla yako. S. N. Goenka alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, aliyezaliwa mwaka 1924 nchini Burma, Myanmar ya leo. Kichwa kilimuuma vibaya, cha upande mmoja, hata akawa anadungwa mofini, dawa kali ya maumivu. Rafiki akamwelekeza kwa U Ba Khin, aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali, mwajiriwa mwenye ofisi na mafaili, ambaye pia alifundisha vipassana, yaani kuviona vitu kama vilivyo. Goenka akasita. Alitoka katika familia ya Kihindu iliyoshika dini sana, akahofu kwamba Wabudha watamgeuza. Hatimaye akaenda, mwaka 1955, na hakuna aliyemdai abadili dini. Mwaka 1969 alianza kufundisha India, na hadi alipofariki mwaka 2013 mafunzo yake ya siku kumi za ukimya yalikuwa yameenea duniani. Mtu halipi chakula wala malazi. Yanagharamiwa na michango ya waliokwisha kupitia. Jambo hilo lilinigusa. Mganga wa kutapeli hafanyi kazi hivyo.

Kuna hofu nyingine, niliisikia kwa mama mmoja wa kwaya: ukiiacha akili tupu, mapepo yanaingia. Kwanza haiwi tupu, inakuwa macho kuliko siku zote. Lakini hata utupu wenyewe usituogopeshe. Kuna maandishi ya kale ya Wachina, yanayosemekana ni ya mzee Laozi, yanayosema udongo hufinyangwa ukawa chungu, ila kinachokifanya chungu kifae ni ile nafasi iliyo wazi ndani yake. Niliposoma hapo nilikuona wewe pale Matema, kando ya Ziwa Nyasa, umeinama kwenye vyungu vya wanawake wa Kikisi, unavigonga kimoja kimoja kwa kiungo cha kidole huku umetega sikio. Ulinifundisha kwamba chungu kizima kinaita, chenye ufa kinakohoa. Hukugonga kilichojaa, kwa sababu kilichojaa hakisemi. Miaka miwili nilikuwa nimejaa maneno mpaka juu. Ufa nimeusikia nilipomwaga.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba haya yote ni kitu kimoja na imani yetu. Budha hakufundisha habari za Mungu Muumba. Wabudha wanaamini mtu huzaliwa tena na tena, na mimi hapo sifuatani nao. Nimechukua namna ya kukaa, namna ya kuangalia, na namna ya kuwatakia watu mema, nikabaki na ubatizo wangu. Wapo Wabudha watakaosema nimechukua nusu, na wachungaji watakaosema nimepita kiasi. Siwezi kuwakatalia. Jumapili utanikuta kwaya, sauti ya pili, pale pale.

Hilo la kuwatakia watu mema wanaliita metta, na lina mpangilio. Unaanza kwa kujitakia heri mwenyewe. Halafu mtu unayempenda. Halafu mtu usiyemjua vizuri, kama kijana anayeniuzia vocha. Mwisho unamweka mtu ambaye moyo wako unamkataa. Nakuambia kwa aibu, Shangazi, na kwa mapenzi: kwa miezi mingi mahali hapo pa mwisho nilikuweka wewe. Awe salama. Awe na amani. Maneno yalitoka makavu kama makapi.

Kisha siku moja, kabla sijayasema, nikakuona. Korido ya hospitali, saa 8 usiku, umejifunga kitenge juu ya sweta, simu ndogo mkononi, unabonyeza jina langu. Haipokelewi. Unabonyeza tena. Kaka yako anakata roho mlango wa pili, na kila unapobonyeza hakuna anayeitika. Miaka miwili nilihesabu saba kama yangu. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza usiku ule wewe ulikuwa na nani.

Pole, Shangazi. Pole ambayo nilipaswa kukupa msibani.

Ijumaa nitapanda kosta ya mchana pale Uyole. Nikikuta viazi vizuri Isongole nitakuletea debe. Kesho yake alfajiri, utakapofungua kile kitabu cha neno la kila siku, ambacho kanisa la Moravian limekuwa likikitoa tangu 1731, naomba usiniache nimelala. Kuna muda mfupi ambao huwa unakaa baada ya kusoma, kabla hujakifunga, mikono juu ya magoti na chai inachemka. Nilipokuwa mdogo nilidhani umesinzia. Nataka nikae nawe hapo, kwenye benchi la nyuma linalotazama mlima Rungwe. Hutahitaji kufumba macho, wala sitakufundisha kitu.

Na ukitaka kunipigia kabla ya Ijumaa, hata iwe saa 8 usiku, nipigie. Simu ina mlio.

Mwanao