Ndege wangu hakuwa na kiburi, alikuwa anaogopa mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita, mtoto wa jirani yangu hapa Tanga alinijia analia eti mama yake anataka kumrudisha badji wao dukani, wiki ya pili hii anapewa vitu vizuri na hagusi, mama anasema ndege ana kiburi. Badji ndo wale kasuku wadogo wa kijani au bluu ambao wengi tunawaita lavbedi, japo lavbedi ni ndege mwingine kabisa, hawa asili yao Australia.

Mi nimepitia hayohayo. Wangu, Zumaridi, nilimleta mwezi wa 3 na siku hiyohiyo nikaanza kumsogezea tango, embe, mahindi mabichi, yote mkononi. Anarudi kona ya mwisho ya tundu, manyoya yamembana mpaka anaonekana mwembamba, macho yamemtoka, hatikisiki, nami nikaona ametulia kumbe ile ndo hofu yenyewe. Aliyeniuzia nilipompigia simu akasema mnyime chakula siku nzima, njaa itamleta mwenyewe. Jamani msifanye hivyo! Ndege wa gramu 30 na kitu hana akiba mwilini, mnaweza kumkuta amekufa.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba chakula kinakuja mwisho, hakiji mwanzo. Akiwa na hofu hali mbele yako hata umpe nini, mkono unaomshukia kutoka juu kwake ni mwewe tu. Halafu ndege aliyekuzwa kwa uwele tangu kinda hajui kama embe linaliwa, anaona kitu kigeni kimeingia kwake.

Basi nikaacha kumfuatafuata. Tundu nikaliegemeza ukutani ili asiwe anatazama hatari pande zote, usawa wa kifua, mbali na jikoni (moshi wa mkaa ni mbaya kwao, na mvuke wa yale masufuria yasiyogandisha yakipata moto kupita kiasi unaua ndege, wengi hatulijui hili), nikaweka stuli kama mita 2 hivi na kila asubuhi nikawa namsomea gazeti lenu hili, sauti ya chini, simkodolei macho. Chai na mkate wangu nanywea hapohapo maana hawa ni ndege wa kundi, wakiona mwenzao anakula wanapata amani. Siku zinavyokwenda nasogeza stuli kidogo, akibana manyoya narudi nyuma.

Wiki ya tatu nilibana kwenye tundu lake tawi la mchicha limelowa maji, nikarudi kukaa. Nikasikia kitu kinachakarika. Sikugeuka. Kwa pembe ya jicho nikamwona anajisugua kwenye yale majani, kichwa, shingo, mabawa, maji yanaruka, halafu akamega kipande kimoja, akaniangalia kwa jicho moja, akamega tena. Nilishindwa hata kuendelea kusoma.

Toka hapo nikawa namshikia suke la uwele kwa kikonyo kirefu, kila wiki nakifupisha, mkono usawa wa miguu yake na sio juu ya kichwa. Mwisho wa mwezi wa 5 akapanda kidole mwenyewe. Sasa hivi usiku anasimama mguu mmoja anasaga mdomo taratibu, ndo raha yake hiyo.

Ila ndege akivimbisha manyoya kutwa, anakaa chini ya tundu na mkia unapanda na kushuka kila akipumua, huyo anaumwa, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Na parachichi msiwape kabisa, ni sumu kwao.

Kwa jirani nilikwenda. Tundu linaning'inia katikati ya sebule, kibakuli kimejaa, mama anasema si unaona hata uwele hataki. Nikapuliza. Makapi matupu! Chini punje hazijai kijiko, yani ndege alikuwa anakula vizuri tu watu wakitoka, na angekaa hivyo siku mbili zaidi angeshinda njaa mbele ya kibakuli kilichojaa.

Tumehamisha tundu ukutani na mama amekubali kusubiri. Jana mtoto kanionyesha alama za chaki alizochora sakafuni, pa kuweka stuli wiki hii na wiki ijayo, na gazeti la juzi keshalikunja tayari.

Msomaji wenu wa kila siku,
Tanga