Barua kwa mwanangu: Kama wako, mbona hawasemi?

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima na masomo yanaendelea vyema. Huku nyumbani sote tu salama. Dada yako amehamia kitandani kwako na hataki kusikia habari ya kuhama, kwa hiyo mtaelewana wenyewe ukirudi.

Siku ya kuwatembelea uliniuliza, "Mama, kama kuna viumbe huko angani, mbona hawasemi?" Kengele ikalia kabla sijakujibu. Nimekaa na swali hilo kazini, hasa zamu za usiku, na kwa kuwa simu hamruhusiwi nimeona nikuandikie. Nataka nilijibu kwa urefu, maana ni swali la mtu mzima.

Tuanze na umbali, kwa sababu humo ndimo jibu lilimo kwa sehemu kubwa. Hakuna kinachoshinda mwanga kwa mbio. Husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na mawimbi ya redio ninayoyahangaikia kila siku yana kasi iyo hiyo. Kutoka hapa hadi mwezini ni sekunde moja na kidogo. Hadi kwenye jua ni dakika 8 na sekunde 20. Hapo mtu bado anavumilia.

Sasa sikiliza habari ya chombo cha angani kiitwacho Voyager 1. Kilirushwa kutoka Marekani tarehe 5 Septemba 1977, kabla mimi sijazaliwa. Kinakwenda kilomita 17 kila sekunde, usiku na mchana, na hakuna chombo kingine cha binadamu kilichofika mbali kama hicho. Novemba 2023 kikaanza kutuma data zisizosomeka. Wahandisi wake kule California walichunguza kwa miezi mpaka wakagundua kwamba chipu moja ya kumbukumbu katika kompyuta yake imekufa. Nani angeenda kuibadilisha? Wakaamua kuikatakata programu iliyokuwa humo na kuvihamishia vipande vyake kwenye nafasi zilizobaki za kumbukumbu. Tarehe 18 Aprili 2024 wakatuma amri ya kwanza. Amri ilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu likachukua saa nyingine 22 na nusu kurudi. Tarehe 20 ndipo walipojua kwamba chombo chao kimesikia na kutii.

Baba, mimi ni fundi mitambo. Matangazo yakikatika nina sekunde chache tu kabla simu hazijaanza kulia. Nikiwafikiria wale watu wakingoja karibu siku mbili, hawana la kuharakisha, huku kompyuta yenye umri kama wa wajomba zako ikifanya kazi peke yake gizani, najawa na heshima. Hiyo ndiyo kazi ya ufundi ninayokuombea uipende, iwe ya anga au ya bomba la maji.

Na bado hapo hatujatoka mlangoni. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.24 kutoka hapa. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga huenda kwa mwaka mzima, karibu kilomita trilioni 9.5. Voyager, kwa kasi yake ile, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali huo. Wewe una miaka 16. Ukiwatumia salamu usiku huu watu wa huko, kama wapo, na wakujibu papo hapo, utazipata umeshapita miaka 24. Na hao ndio majirani wa ukuta mmoja!

Proxima yenyewe haionekani kwa macho, lakini ndugu zake wawili, Alpha Centauri, tunawaona kutoka hapa kama nyota moja kali upande wa kusini, karibu na Msalaba wa Kusini. Watu wengi wa Ulaya huishi na kufa bila kuiona wakiwa kwao. Sisi tulio hapa karibu na ikweta tunapata anga la kaskazini na la kusini. Ujue kwamba umezaliwa mahali pazuri pa kutazamia nyota, hata kama taa za mtaani zinatunyima. Juzi stima zilipotea, nikapanda juu ya gorofa tunapoanika nguo, na kwa nusu saa nikaona nyota ambazo sikujua bado zipo juu ya Umoja.

Kitafute Kilimia pia, kile kishada cha nyota ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima. Kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Mwanga wake utakaoingia machoni mwako leo uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus, mwaka 1593. Mtu aliye Kilimia, mwenye darubini ambayo sisi hatuna, angeitazama Mombasa sasa hivi asiione ngome. Nairobi hangeuona mji wowote. (Nyota za Kilimia ni changa mno, za miaka milioni 100 hivi, kwa hiyo sidhani kuna mtu huko. Ni mfano tu.) Ukitaka kizunguzungu zaidi, chukua Andromeda, galaksi jirani yetu, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Yule kijana wa Turkana uliyeoneshwa Makumbusho, ambaye Kamoya Kimeu aligundua mabaki yake mwaka 1984, aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Alipozaliwa, mwanga huo ulikuwa safarini tayari kwa karibu miaka milioni moja.

Ndiyo maana nasema swali lako limebeba jambo ambalo si kweli. Unapouliza mbona hawasemi, unachukulia kwamba sisi na wao tunaishi wakati mmoja, kama watu wawili kwenye simu. Inawezekana wamesema na sauti iko njiani. Inawezekana walisema wakati huku kulikuwa na dinosaria tu wa kusikiliza.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kazi yangu. Wimbi la redio likisambaa hupungua nguvu upesi sana. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukizidi mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Televisheni ilianza hapa Kenya mwaka 1962, na mawimbi yale ya mwanzo yaliyoponyoka kwenda juu yameshapita mamia ya nyota. Lakini yamekonda kiasi kwamba hata mtaalamu aliye huko, mwenye vifaa kama vyetu, hangeyatambua. Kwa hiyo ukimya wa upande wao haunivunji moyo. Huenda wao nao wananung'unika kwamba sisi hatusemi.

Kusikiliza kwenyewe kumeanza jana. Mwaka 1960 mwanaastronomia Frank Drake alielekeza dishi moja kule Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili tu, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Tangu hapo wameongezeka, lakini Jill Tarter, mama aliyetumia maisha yake katika kazi hii, amelinganisha yote yaliyofanywa na kuchota glasi moja ya maji baharini, kisha mtu aitazame na kusema bahari haina samaki. Mimi mwenyewe sina lugha bora ya kukueleza. Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya redio kule Ohio ilinasa mlio mkali wa sekunde 72, karibu na masafa ya haidrojeni, ambayo wengi hudhani mtu mwenye akili angeyachagua kwa kuwa haidrojeni imejaa kila mahali. Walirudi kuutafuta mara nyingi. Haujasikika tena. Siku tano baadaye Voyager 2, pacha wa Voyager 1, ikarushwa.

Wapo waliotaka kusema wenyewe. Mwaka 1974 Drake na wenzake walitumia ile darubini kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, kutuma tarakimu 1,679, sifuri na moja tupu, kuelekea kishada cha nyota kiitwacho M13. Uliza mwalimu wako wa hesabu kuhusu 1,679. Hugawanyika kwa 23 na kwa 73 tu, ukiacha 1 na yenyewe. Mwenye akili akizipanga mistari 73 ya tarakimu 23, picha inatokea: umbo la mtu, jua na sayari zake, na uzi wa DNA. M13 iko karibu miaka ya nuru 25,000, kwa hiyo jibu tulitarajie baada ya miaka 50,000. Drake alifariki mwaka 2022, na darubini yenyewe iliporomoka mwaka 2020. Walituma wakijua. Watu wanaopanda wasichovuna huwa nawapenda kuliko wote.

Wengine, akiwemo mwanafizikia Stephen Hawking, walionya tusipige kelele tusikojua mwenyeji. Naona wana hoja. Watu wachache wasisemee dunia nzima bila kuiuliza.

Na hili ndilo linaloniuma. Zile Voyager mbili kila moja imebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye salamu kwa lugha 55. Kuna Luganda, jirani yetu. Kuna Kinyanja, Kiila, Kisotho. Wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri wanaimba humo. Kiswahili hakimo. Lugha inayosemwa kutoka Lamu hadi Kisangani haikupata hata sekunde tano, na santuri hiyo itaendelea kusafiri tutakapokuwa tumesahaulika sote. Nilipoisoma orodha yote nilirudia mara mbili nikidhani nimeruka.

Lakini anga si geni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafiti eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Leo Afrika Kusini ina MeerKAT, madishi 64 yanayofanya kazi kama sikio moja, na sehemu ya kazi yake ni kusikiliza kama kuna anayesema. Kenya imo katika nchi washirika wa Afrika za darubini kubwa zaidi ya redio, SKA, ambayo sehemu yake moja inajengwa hukohuko. Mtu wa kukaa mbele ya mitambo hiyo lazima azaliwe mahali fulani na asome shule fulani. Mimi namjua mmoja anayeuliza maswali yanayofaa.

Kwa hiyo nakupa kazi. Andika ujumbe wako. Usianze na "hamjambo", maana hawana namna ya kuielewa. Anza na namba, kisha utafute njia ya kufika kwenye mwili, maji, jua letu. Jitahidi usifiche kwamba tunakufa. Ukimaliza yote hayo, ongeza salamu moja kwa Kiswahili, kwa sauti yako mwenyewe, nami nitairekodi studio ukija likizo fupi. Jumamosi ile tutakwenda kwa shangazi yako Kajiado, tukalale siku mbili, nimeshamwambia.

Pesa za matumizi nimemwachia mwalimu wa bweni, pamoja na sabuni na ile seti ya jometri. Jibu barua hii kabla wiki haijaisha, na uniandikie hesabu yako ya kuigawanya 1,679 bila kuazima daftari la mtu.

Akupendaye,
Mama