Eti wasapu haibadilishi mtu?

Mhariri, kuna watu wanasema kubishana wasapu ni kumaliza bando tu, eti hakuna anayebadili mawazo. Mi nakubali nusu. Grupu letu hapa Ngamiani lilichachamaa juu ya bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, huku kwetu pwani ya Tanga, na wale wapiga kelele wawili (kila grupu linao) hawakusogea hata kidogo, nani akubali kushindwa mbele ya mashemeji? Ila mvuvi mmoja akatuma voisi, hana matusi, anaeleza tu anapotega nyavu zake, basi jioni kahawani wale waliokuwa kimya wakawa wanauliza maswali mengine kabisa. Sasa hawa maadmini wanaofunga mjadala mapema wanamsaidia nani?

Msomaji wenu, Ngamiani, Tanga