Msiwaambie vijana wauze pedali zao

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowashauri wapiga gitaa wauze pedali zao za ovadraivu, vile visanduku vya kukanyaga vinavyoipa sauti ya gitaa nguvu na mkwaruzo, kwa hoja kwamba ampu za kidijitali za siku hizi, yaani vikuza sauti vya gitaa vinavyotumia kompyuta, zimebeba kila kitu tumboni. Kuweka pedali mbele ya ampu hizo, anasema mwandishi wenu, ni kuvaa koti juu ya koti. Naomba nafasi nimpinge, ingawa nusu ya aliyoyaona nami niliyaona, tena mbele za watu.

Mimi ni mpiga solo, mwanamke wa miaka 46, na jukwaani nina miaka 21. Kwa miaka 17 nilibeba ampu ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, yenye uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Sikuiacha kwa kupenda teknolojia. Mgongo ndio ulioamua. Nikachukua ampu ya kidijitali ninayoinua kwa mkono mmoja, nikachomeka pedali yangu ileile ya kijani, Tube Screamer iliyobanduka rangi pale mguu unapogonga, nikapanda jukwaani bila hata siku moja ya mazoezi.

Kwenye ampu nilichagua modeli inayoiga ampu za Uingereza zenye mkwaruzo mkali, na geni, nobu inayoamua ampu ikwaruze kiasi gani, nikaiacha juu kama nilivyoikuta. Pedali nayo nikaiweka nilivyozoea, draivu, yaani nobu yake ya mkwaruzo, imevuka nusu. Nilipokanyaga niingie kwenye solo ya kwanza, ikatoka sauti ya nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Noti hazikutengana. Nilipoinua mkono ampu haikunyamaza. Ilivuma, kisha ikaanza kupiga mluzi. Fundi mitambo alinishusha kidogo kidogo mpaka nikabaki najisikia mwenyewe tu. Wakati wa mapumziko akanisogelea: "Dada, leo umekuja na mashine ya kusaga?"

Angekuwepo mwandishi wenu usiku ule, angeandika vilevile alivyoandika. Mimi nililala na hasira, na kesho yake nikavaa hedifoni nikakaa na vile vitu viwili, bila ngoma, bila besi, bila mtu wa kunicheka.

Nilianza kwa kuishusha draivu ya pedali mpaka karibu na sifuri, na levo, nobu ya nguvu inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye ampu, nikaipandisha hadi robo tatu. Wengi wetu tunaiona ovadraivu kama mashine ya kutengeneza mkwaruzo. Inautengeneza, sikatai, lakini kazi yake tamu zaidi ni nyingine. Ndani ya ile pedali ya kijani sauti za chini hazipewi nguvu sawa na wenzake, na zile za kati, kuzunguka hezi 720, hubaki zimechomoza. Nyuzi nene ndizo zenye nguvu kubwa, na ndizo zinazowahi kuivuruga ampu. Zikiingia na nguvu zote, kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, hugeuka tope. Pedali huzipunguza mlangoni mwa ampu, halafu levo inaisukuma ampu kwa nyuma. Anayekwaruza ni ampu, na anakwaruza kitu kilichokwisha kuchujwa.

Mwandishi wenu anaongea kana kwamba modeli ni kanda iliyorekodiwa, ukibonyeza inacheza. Sivyo. Ni hesabu zinazofuata kile kinachoingia: uguse uzi taratibu, itajibu taratibu, uuchape, itakwaruza. Ukiipunguzia besi mlangoni, itaitikia karibu kabisa na jinsi valvu ingeitikia, maana hicho ndicho ilichofundishwa kuiga. Anaziita pedali hizi mabaki ya zamani. Za zamani ni kweli. Kampuni ya Boss ilitoa ovadraivu yake ya OD-1 mwaka 1977, na Tube Screamer ya Ibanez ikafuata mwishoni mwa muongo huohuo, ilhali POD ya Line 6, kile kidude chekundu chenye umbo la haragwe kilichowazoesha wengi mambo ya modeli, ilitoka mwaka 1998. Lakini ampu zinazoigwa humo ndani ndizo zilezile zilizokuwa zikisukumwa na pedali hizo. Tena fungua orodha ya ampu nyingi za kidijitali, utakuta mna nakala ya pedali ya kijani, imewekwa mbele ya nakala ya ampu. Kama haina kazi hapo, waliiweka ya nini?

Baada ya draivu nikaigeukia geni ya ampu. Niliishusha mpaka kodi ya E nikiigusa kwa vidole iwe safi, na nikiichapa ianze kupasuka kidogo pembeni. Hapo pana upana wa unywele tu, na nilipapata baada ya kuzungusha huku na huku karibu saa nzima. Nilipokanyaga pedali, noti ilitoka imenyooka, ina mwili, na nilipouacha uzi palikuwa kimya. Kimya kile kilinifurahisha kuliko sauti yenyewe. Levo niliiwekea nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, nisije nikaipoteza gizani. Nukta hiyo ipo mpaka leo.

Kuna jambo moja ambalo ampu ya valvu haikunifundisha, na hapa nakiri mashine hizi zina ukali wao. Valvu ukiipa umeme mwingi kupita kiasi, huviringisha vilele vya wimbi, na sikio linapenda. Ampu ya kidijitali, kabla ya kuanza kuiga chochote, inabadili umeme wa gitaa kuwa namba, na namba hizo zina dari. Wimbi likigonga dari linakatwa bapa kama kwa msumeno. Mpiga ridhimu wetu aliniazima busta yake, ile inayoongeza nguvu bila kukwaruza. Nikaisukuma hadi mwisho, na taa nyekundu ya mlangoni ikawaka kila nilipogusa uzi. Mlio ulikuwa mpasuko mkavu, kama spika iliyochanika. Nikashusha geni ya modeli. Mpasuko uko palepale. Nikashusha sauti kuu. Uko palepale, mdogo tu. Uharibifu ulikwisha kutokea mlangoni, na chochote unachogusa baada ya hapo unachelewa. Dawa ni kuishusha pedali yenyewe, au kupunguza upokeaji wa mlango kama ampu yako ina kitufe hicho. Ile ya kijani haikuwahi kuiwasha taa hiyo, kwa kuwa diodi zilizomo ndani yake zinaubana umeme kabla haujatoka.

Mengine nayataja nikipita. Usiichomeke ovadraivu kwenye tundu la efekti nyuma ya ampu, maana huko itakwaruza sauti iliyokwisha kukwaruzwa. Fazi za zamani, pedali za mkwaruzo mzito zaidi, zinataka zikutane na gitaa lenyewe kwanza. Zikitanguliwa na kifaa kingine zinakasirika. Na ukisikia mluzi mwembamba kama mbu, kabla hujalaumu pedali, angalia kama hujaichomeka kwenye adapta moja na vifaa vya kidijitali. Pedali yangu nilipoipa adapta yake, mbu aliondoka.

Sasa niwe mkweli, maana mwandishi wenu naye ana haki yake. Siku moja mazoezini nilimwomba mpiga kinanda wetu anigeuzie mgongo. Nikapiga kipande kilekile mara 8, mara nyingine kwa pedali yangu, mara nyingine kwa nakala iliyomo ndani ya ampu, naye akitaja ipi ni ipi. Alipatia mara 3. Yule bwana ana masikio ya kusikia uzi ulioteleza kidogo katikati ya wimbo wenye kelele zote. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba chuma changu kina roho ambayo nakala haina.

Ninachosema ni kwamba sauti si jambo pekee. Nakala ya ndani naifikia kwa kubonyeza, kusogeza, kubonyeza tena, nikisoma maandishi madogo kwenye kioo chenye ukubwa wa kiganja huku taa za jukwaa zikinipiga usoni. Pedali ina nobu tatu. Mpiga ngoma akiongeza nguvu kwenye kiitikio, nainama kati ya noti mbili, naongeza levo kwa upana wa kucha, nainuka. Halafu tunapopiga kwenye jukwaa la watu tukakuta ampu yao, ya kidijitali au ya valvu, sijui ndani wamepanga nini, lakini najua mguu wangu umebeba nini.

Kwa hiyo, Mhariri, nawaombeni jambo moja dogo. Makala yenu ilisema kwamba anayeng'ang'ania pedali azielekeze nobu zote saa sita, yaani katikati, na geni ya ampu pia. Mpango unaokaribiana na huo ndio ulioniletea nyuki. Chapisheni masahihisho hata kwa mstari mmoja: draivu chini, levo juu, geni ya ampu ishuke, na jicho kwenye taa nyekundu.

Kijana aliyeniletea gazeti lenu alikuwa ameshapiga picha pedali yake ya manjano, ovadraivu ya SD-1, ili aitangaze inauzwa. Nimemwambia aje nayo kwanza mazoezini Alhamisi, na asisahau kebo mbili.

Mpiga solo, msomaji wenu wa siku nyingi